Zoezi la Kutoka Garini

Célestine aliomba binti yake ashindwe. Alisimama kwenye ua wa gereji huko Södertälje, Uswidi, mfuko wenye bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, mkononi, akamwambia Mungu kimoyomoyo: ashindwe tu, turudi zetu Alby tukale.

Ndani ya Volvo kuukuu, Arielle alikuwa amefungwa kama mzigo. Alivaa suti nene ya kuzuia moto, glavu, helmeti, na kinga ya shingo iliyolala mabegani chini ya mikanda. Kioo cha helmeti kilizibwa kwa kitambaa cheusi asione kitu. Alitakiwa kufungua mikanda, kuangusha wavu wa dirishani na kutoka upesi, kama mtu anayekimbia moshi. Asiyeweza hangeshiriki mbio za magari mawili mawili za kesho kwenye uwanja wa zamani wa ndege. Mikael, mkaguzi wa usalama wa klabu, alikuwa mzee mpole, lakini kwa hilo hakumlegezea mtu.

"Sasa!" Mikael akapiga paa la gari.

Glavu zikapapasa. Kifungo kikaachia, wavu ukaanguka, Arielle akainuka, mara akarudi kitini kwa kishindo kana kwamba amevutwa kwa nyuma. Akajaribu tena, akavutwa tena. Muda ukaisha.

"Kiti kinanibana," alilalamika.

Walirudia. Yakawa yale yale. Mikael akatikisa kichwa. "Mara ya mwisho, Arielle. Ikishindikana, tuonane mwakani."

Célestine alipaswa kufurahi. Lakini katika jaribio hilo la pili alikuwa amesogea hadi dirishani, na aliona kitu ambacho Mikael, aliyesimama upande wa pili na saa yake, hakukiona. Mkanda wa bega la kushoto ulipoachia ulijipinda kwenye ncha ya kinga ya shingo, ukamng'ang'ania binti yake. Kiti hakikuwa na kosa lolote.

Angenyamaza, nani angejua?

Zamani, kwenye barabara ya Uvira, kwao Kongo, aliwahi kuona gari likiwaka na dereva yu hai ndani, akihangaika na mlango. Tena alimjua Arielle: hakuwahi kuacha jambo kwa kushindwa mara moja. Angerudi mwakani, na mkanda ungemshika vile vile, pengine siku ambayo moshi si wa kuigiza.

"Ngojeni!" sauti ikamtoka. Akaingiza mkono dirishani, akamgusa binti yake begani. "Mwanangu, si kiti. Ni mkanda, unakunasa hapa. Ukishafungua, usiinuke kwanza. Isukume mikanda yote nyuma, ndipo utoke."

"Una hakika, mamma?" Arielle aliuliza kwa Kiswidi.

"Nimeona kwa macho yangu."

Mikael akapiga paa. Kifungo, mikanda nyuma, wavu chini, na Arielle akaporomoka nje kwa magoti, akivua helmeti huku anacheka. Mikael alitazama saa, akainua dole gumba. Arielle akamkumbatia mama yake. Njia ya kwenda mbioni Célestine alikuwa ameifungua mwenyewe, kwa mdomo wake.

Kesho yake alisimama nyuma ya uzio. Taa zilipowaka kijani alifumba macho. Injini zilinguruma hadi ardhi ikamtikisa miguu, kisha sauti ikaenda mbali, mbali sana, ikakatika. Hakuthubutu kufumbua. Alisikiliza kama kuna kelele za watu, au king'ora. Palikuwa na upepo tu, na mtu akicheka karibu na kibanda cha soseji.

Ndipo Volvo ikarudi polepole kwa njia ya pembeni. Arielle akashuka, nywele zimemlowa jasho.

"Nimeshindwa, mamma. Yule jamaa niliyeshindana naye ameniacha mbali."

"Umeshuka kwa miguu yako," alisema Célestine, akamshika uso kwa mikono miwili. "Basi twende nyumbani."

"Nyumbani? Bado raundi ya mchana." Arielle alikuwa tayari anaangalia matairi. "Njoo, unifunge mikanda wewe."

Célestine akamfuata, akaushika kwanza mkanda wa bega la kushoto.