Ujumbe Unaomkimbia Mama Mkwe

Mwalimu wa darasa la jioni la kuunda programu za simu alishasema: programu ya kutumiana ujumbe isiyoweza kutumiwa na mtu mzima bila kufundishwa, haipiti. Basi mwanafunzi wake, mtoto mgongoni, akampa mama mkwe simu ajaribu ile aliyoiunda.

"Mwanangu, simu yako ina kiherehere," mama mkwe akalalamika. "Nasoma ya juu, wifi yako akiandika tu kutoka kwake, napelekwa chini mbiombio. Huko chini nimeitwa na nani?"

Kweli. Kila ujumbe mpya ulipoingia, orodha nzima iliruka hadi mwisho. Mwanafunzi akaketi mbele ya kompyuta, mtoto akinyonya, akarekebisha: anayesoma ya juu aachwe palepale, na chini kitokee kitufe kidogo cha kumwambia kuna mapya.

"Jaribu sasa, mama."

Wifi akaandika, akaandika tena kama analipwa. Orodha ikatulia tuli. Mama mkwe akacheka, akavua viatu, akajinyoosha kwenye kochi.

Saa ya darasa ikafika. "Mama, naomba simu, nachelewa."

"Thubutu! Ndiyo kwanza nimefika pale wifi yako anapogombana na dobi. Twende wote."

Wakaenda, mama mkwe akishikwa mkono asijikwae, macho kwenye simu. Mwalimu akamwinamia darasani. "Mama, programu inatumika vizuri?"

"Shh! Ngoja nimalize, kijana."

Mwalimu akachukua kalamu, akaandika: imepita.