Soli za Aling Luming

Hapa Marikina, Ufilipino, karibu kila nyumba inashona viatu. Mimi nikaona nisibanane nao, nikasomea diploma ya soli za ndani, zile zinazochongwa kwa unyayo wa mtu mmoja tu. Watu wananipenda kwa sababu nachekesha.

Aling Luming, yaani Mama Luming, muuza keki za mchele sokoni, alikuja akichechemea, kifundo cha mguu kinamsumbua. Nikamweka akanyage boksi la sponji, mara moja, bila kutikisika, unyayo ujichore.

"Taratibu, Aling Luming, hiyo sponji haijawahi kubeba mrembo."

"Ala, mzee mzima huna haya!" Akacheka mpaka akayumba.

Nikaona kisigino kimejichora mara mbili. Ilitakiwa nifungue boksi jipya. Lakini nilikuwa na njaa, nikasawazisha alama ile kwa kidole gumba, nikamimina jasi ya kutoa umbo la mguu.

Tangu alipozichukua soli zake, kila Ijumaa ananiletea keki, nazi juu.

"Zinauma, kaka Pilo. Ndiyo dawa inafanya kazi, eti?"

Kwetu fundi akikutendea wema humwambii kwamba kazi yake ni mbaya. Unaona haya kwa niaba yake. Nalijua hilo, nikajificha humo humo. "Vumilia," nikasema, huku natafuna.

Ijumaa ya nne kifundo kilikuwa kimeumuka kama mkate.

"Kula, ndizo za mwisho. Meza yangu sokoni nampa mpwa wangu, siwezi tena kusimama. Wewe umejitahidi, kaka. Mguu wangu ndio mkaidi."

Nikaiweka keki chini.

"Mguu wako hauna kosa," nikasema. "Kipimo ndicho kibovu. Uliyumba ukicheka, nikaona, nikanyamaza."

"Uliona lini?"

"Siku ile ile."

"Na keki ukala."

"Nikala."

"Wiki zote hizi nakuombea kanisani! Kumbe ningeomba upigwe radi!"

Akazing'oa soli viatuni, akazibwaga mezani. Nikafungua boksi jipya, nikapiga magoti, nikangoja. Nilidhani ataondoka. Akaketi, akavuta sketi, akanyoosha mguu.

"Na meza?" nikauliza, macho chini.

"Mpwa wangu sijamwambia bado. Pima."

Nikamshika kisigino, kina moto. "Nisamehe, dada."

"Nikimaliza siku nzima nimesimama sokoni, ndipo uniombe msamaha."