Ng'ombe wa Loy

Ng'ombe wanne wa mahari ya Loy hawakumaliza miezi mitatu katika zizi la baba yake kule Lunyo. Kwa desturi ya Wasamia, ng'ombe wa dada ndio wa kumwolea mke kaka anayemfuata, na kaka huyo alikuwa Ojiambo. Hakuna matanga yaliyokamilika kutoka Lunyo hadi Majanji bila yeye na litungu lake, kinanda cha nyuzi alichorithi kwa babu. Lakini Ojiambo hakutaka mke. Alitaka santuri yenye jina lake.

Hivyo, mwaka 1957, ng'ombe wale waliuzwa mnadani, na fedha zote zikaishia katika Chuo cha Sanaa za Jukwaani, mjini Tororo. Kilikuwa ghala la pamba kabla ya Bwana Bartholomew Ofumbi kulipaka chokaa na kujipachika cheo cha Mwalimu Mkuu. Ada yake iliishinda ya shule za bweni za misheni, ambako kijana angalau alitoka na hesabu na adabu. Hapa walifundishwa kufunga tai, kuingia jukwaani kwa mguu wa kulia, na kuinama mbele ya makofi ambayo hayakuwapo. Kuimba kwenyewe, alisema Bwana Ofumbi, wangekumalizia Nairobi.

Mwezi wa kumi, siku ya mashine ya kunasa sauti iliyongojewa tangu Januari, Loy alifika chuoni kwa miguu, jicho la kushoto limevimba hata likafumba. Alieleza kwa maneno machache. Mumewe alikuwa amempiga tena, safari hii kwa mpini wa jembe, naye akakimbilia kwa baba. Baba hakumpokea, kwa maana wakwe walikwisha kutuma neno: mke arudi, au ng'ombe warudi.

Ojiambo alimsihi angoje. Wimbo ukinaswa leo, upite kwenye waya hadi Nairobi, santuri ingetoka kabla ya Krismasi, na ng'ombe wangerudi wanne, pengine watano. Loy akaenda kukaa kivulini nyuma ya ghala.

Ojiambo aliingia kwa mguu wa kulia. Mbele ya maikrofoni akaimba wimbo wa kumuaga marehemu, na hakuwa amepata kuimba vile tangu azaliwe. Bwana Ofumbi, vifaa vya kusikilizia masikioni, alitikisa kichwa kwa kuridhika, akatangaza kwamba Nairobi wamesikia.

Ojiambo alipotoka, alimkuta Loy ameshika waya mweusi uliotokeza katika tundu la ukuta. Ncha yake ilikuwa imefungwa kwenye shina la mbarika.

“Huu ndio unaokwenda Nairobi?” Loy aliuliza.

Ojiambo aliufuata kwa macho hadi kwenye shina.

“Basi Nairobi ni mimi. Nimekusikia, ndugu yangu. Umeimba vizuri.”

Bwana Ofumbi hakubabaika alipoonyeshwa waya. Alimweleza Ojiambo, kwa upole wa mtu aliyekwisha kusema maneno hayo mara nyingi, kwamba wajinga hurudi kwao wakilia na wenye akili hubaki kazini. Avae tai, achukue litungu, azunguke masokoni. Kwa kila wanafunzi wawili atakaowaleta, atapewa bei ya ng'ombe mmoja. Wanane tu, na dada yake yu huru.

Ojiambo alitoka karibu akikimbia, akamweleza Loy. Loy alisikiliza hadi mwisho.

“Hao wanane watatoa wapi ada?”

Ojiambo alianza kumhesabia bei ya ng'ombe.

“Nao wana dada zao,” Loy alisema. “Usinitoe kwa ng'ombe hao. Nikisikia umewaleta wanafunzi hao, sitoki kwa mume.”

Akajifunga leso, akashika barabara ya Busia kurudi kwa mumewe. Ojiambo alimfuata akimbebea kifurushi hadi kwenye reli. Hapo Loy akakipokea bila kugeuka.

Jumamosi iliyofuata, sokoni Kirewa, kijana mwenye tai alipiga litungu hata wanunuzi wakasahau mizani. Alipomaliza akainama, na safari hii makofi yalikuwapo. Mvulana aitwaye Aboth, macho yakimwaka, alisogea akauliza mtu hufanyaje ili aingie chuo hicho, naye kwao ni wakulima wasio na fedha.

Ojiambo alifuta jasho kwa ncha ya tai, akamuuliza kama ana dada aliyeolewa.