Visiwa vya Bienvenu

Nilipanda ule mtumbwi wa injini jibu langu likiwa tayari: hapana. Binti yangu Jolie haolewi na mkulima wa mpunga wa Kiringye, mwanamume anayeogopa maji kama paka. Bienvenu, mkulima mwenyewe, alilijua hilo. Ndiyo maana alikodi mtumbwi siku nzima, akatualika kwa jina kubwa: kruazieri ya visiwa, yaani matembezi ya starehe majini.

"Visiwa gani hapa Uvira?" nilimwuliza Sévère, mwenye mtumbwi. Alicheka tu.

Kumbe vilikuwepo. Mvua zikizidi, mto Ruzizi hung'oa matete mafungu kwa mafungu na kuyasukuma ziwani, yakaelea na ndege wake juu. Maisha yangu yote nimeyatukana kwa kuchana nyavu zetu. Siku hiyo, lazima niseme, yalipendeza. Tulizunguka kisiwa kimoja, tukazunguka kingine, Jolie akipiga picha, Bienvenu amekumbatia ubao, jasho linamtoka, na bado anasifu mandhari.

Kwenye kikubwa kuliko vyote nikataka kumwonyesha Bienvenu mtoto wa ziwa ni nani. Nikashuka. Naye, maskini, akanifuata. Hatua chache tu, matete yakaachana, nikazama hadi kiunoni.

"Mushike mama mukono!" Sévère alipiga kelele. Injini ilikuwa imezimika na upepo unawapeleka yeye na Jolie mbali nasi.

Bienvenu hakusogea. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe hata kidole, na mchumba mwenye adabu huanza mapema.

"Nikikushika, mama, Jolie nitamuoa namna gani?"

"Mujinga weye! Nani alikuambia miye iko mama mukwe yako?"

Maji yakafika kifuani. Hasira ikaniisha, ikabaki hofu tupu. Ndipo akapiga magoti, machozi yanamtiririka, akaninyooshea mkono.

"Basi, mama. Heri nimukose Jolie kuliko weye uzame."

Niliutazama ule mkono. Hajui kuogelea, na hapo alikuwa anaitupa ndoa yake kwa ajili ya mwanamke asiyemtaka. Niliona aibu na nikampenda, yote kwa wakati mmoja.

"Rudisha mukono," nikamwambia. "Toa shimizi, unitupie."

Alivua shati, akanirushia upande mmoja, akavuta kama anavuta ng'ombe kwenye matope. Nikatoka na kiatu kimoja.

Injini ikawaka tena, Sévère akarudi na makelele. "Mama, alikupa mukono! Sababu gani ulikataa?"

"Sévère, weye uliona wapi mama anashika mukono ya mukwe wake?"