Nyuma ya Simtanki

…kwa sababu angebaki pale bombani angekuwa amemvunjia mama wa watu heshima, hilo la kwanza, na la pili hakupanga kukimbia, miguu ndiyo iliyokimbia, yeye Mageni alikuwa ameinama anaosha viatu vyake vya mpira, tope la uwanja limeganda mpaka kwenye kamba, akasikia sauti ya Lusia ikisema mama pita huku kuna kivuli, akainua kichwa, akaona gauni la kitenge, kilemba, na chini ya kilemba uso wa Lusia mtupu, ila umeongezwa umri, basi, hakuona kingine, alipokuja kuzinduka yuko huku nyuma ya simtanki, amebanwa kati ya plastiki nyeusi inayochoma kama kikaango na ukuta wa kantini, kiatu kimoja mkononi, mwenzake amebaki bombani, na bomba hakulifunga, maji yanamwagika hivi hivi, Shinyanga hii ambayo watu wanagombana kwa ajili ya ndoo moja… na wao wamekaa. Hapo ndipo balaa lilipo, wangepita tu zao angetoka, angepangusa uso, maisha yangeendelea, lakini wamevuta viti vya kantini wakakaa, wanamngoja dereva, jina lake Januari, kaagiza ugali na samaki na anakula kama mtu aliyelipwa ale taratibu, na akimaliza wanaondoka, Kahama hao, Nyahanga nyumbani kwao, godoro la Lusia limeshakunjwa na kufungwa kamba juu ya gari, Mageni kaliona asubuhi akapita kama hajaliona, mwaka wa mwisho umekwisha, mitihani imekwisha, Lusia harudi tena hapa chuoni, na yeye hajamwambia, mwaka mzima hajamwambia, leo ndiyo alisema atamwambia, akishamaliza kuosha viatu, kana kwamba neno lile lilihitaji viatu safi.

«Nani huyo aliyekimbia?» Sauti ya mama, nzito, sauti ya mtu anayeuza mchele sokoni na hadanganywi kwenye kipimo… «Mageni huyo, mama, si nilikwambia, yule ninayemfundisha takwimu, wenzake wanamwita Karasha.» «Karasha ya kusaga mawe?» «Hiyo hiyo, maana washambuliaji wakimfikia wanatoka unga.» Kicheko kidogo, kile cha Lusia, cha kufunika mdomo kwa mkono, hata bila kumwona anajua kafunika mdomo, na anajua pia kwamba mama hakucheka… Karasha, ndiyo, jina alilipata siku ile alipomkanyaga Marwa, winga wa chuo cha jirani, kifundo kikavimba kama kiazi, uwanja mzima unashangilia, Lusia peke yake kafumba macho, halafu kesho yake akamjia bwenini na soda ya Marwa mkononi, akasema twende hospitali, kwa sauti ile isiyopanda hata siku moja, angefoka angemjibu, yeye kufokewa amezoea, kwao machimboni Kharumwa watu wanasalimiana kwa kufoka, lakini huyu alisimama tu na soda yake inapata moto, akaenda, akasimama mlangoni mwa wodi, akasema «Pole», akageuka akaondoka, njiani akangoja asemwe, Lusia akasema tu, «Imetosha, Mageni, imetosha kabisa», na yeye jitu zima na mabega yake akageukia pembeni, akapangusa macho haraka ili ionekane ni vumbi.

Vumbi gani na mvua ilikuwa imenyesha… na jinsi walivyoanza ni kichekesho, alikuwa amefeli takwimu, ana sapu, mtihani wa marudio, na anayefeli sapu anadisko, anafungasha anarudi kwao, mwalimu wa michezo kachanganyikiwa maana bila Mageni hakuna beki, ndiyo akapewa Lusia, binti mwembamba wa mwaka wa mbele anayeomba radhi hata akigonga kiti, siku ya kwanza Mageni alikaa upande, hakumwangalia, akasema «We mwalimu, fundisha», na mpaka leo hajamwita jina lingine, we mwalimu, we mwalimu, jina la mtu linamkwama kwenye meno. Akamfundisha wastani, akasema chukua mchimbaji, leo kapata kidogo, kesho kingi, wastani wake ni nini, Mageni akamkata, «Kwenye duara hakuna wastani, kuna kupata na kukosa», duara ni shimo la dhahabu, mjini hawajui, mwingine angemcheka au angemwambia acha ubishi, Lusia akaweka kalamu chini akafikiri, akafikiri kweli kweli, akasema, «Basi nifundishe duara kwanza», na yeye ambaye hajawahi kuongea sentensi mbili zikafuatana akaongea mpaka taa za darasani zikawashwa, jinsi alivyovuta winchi kwenye shimo la baba yake kabla hajaja chuo, jinsi aliye chini hasikiki, anayevuta juu anasikiliza kwa mikono, kamba ikitikiswa mara moja simama, mara mbili nivute, nitoe huku, na siku ya sapu, Lusia kamsindikiza hadi mlango wa chumba cha mtihani, watu wamejaa, hakusema lolote la kumtia moyo, alishika tu mkono wa jezi yake akauvuta mara mbili. Jamani. Mara mbili, taratibu, kama anavuta uzi. Alifanya mtihani ule huku mkono wote umekufa ganzi, akafaulu, na tangu siku hiyo anampenda, hakuna cha kuzungukazunguka, anampenda binti huyu mpaka anaona haya mbele ya viatu vyake mwenyewe.

Kusema sasa… alijaribu, asiseme mtu hakujaribu, likizo alirudi na michembe, viazi vya mama yake, vimekatwa na kuanikwa vizuri, mfuko mzima, akamsubiri getini, akamkabidhi, akasema «Kula», halafu akaondoka haraka kama kaiba, na Lusia akaichemsha akawagawia wenzake chumba kizima, wakaja kumshukuru kwenye foleni ya chakula, asante Karasha, michembe mitamu, akawakunjia uso wote wakashangaa, wangejuaje, ile haikuwa michembe, ile ilikuwa barua ya mtu asiyejua kuandika barua… «Mageni!» Ala! anaitwa. «Mageni, njoo umsalimie mama!» Sauti imechangamka, haina wasiwasi, Lusia anadhani ni jambo dogo, unatoka, unapangusa mkono kwenye kaptura, unasema shikamoo mama, unaambiwa marahaba, hujambo, umekwisha. Ndiyo, kwa mwanafunzi yeyote umekwisha. Mama wa rafiki unampa mkono, mama wa mwanafunzi mwenzako unampa mkono, wa jirani pia, na ukiwa mchangamfu unamtania na kumbebea mkoba, kwao Mageni kuna mwanamke mmoja tu duniani ambaye mwanamume hampi mkono, hamtazami usoni, hali naye, na akikutana naye njiani anaacha njia, naye ni mama wa mkewe, na sasa ndiyo akili yake inafika pale miguu ilipofika zamani, kwamba amekimbia kwa sababu hiyo, hajaulizwa, hajaposa, hata jina la binti hajawahi kulitaja, tayari keshakuwa mkwe wa watu, nyuma ya tangi la maji, mchana kweupe, na kaptura ya mpira.

Kicheko kinamjia na kinaishia kifuani… baba yake, ndiyo, baba yake aliyekuwa haogopi shimo wala askari, siku bibi, mama yake mama, alipotokea kwenye njia nyembamba ya kisimani baba aliingia kwenye michongoma mzima mzima, akasimama humo na mgongo wake mpaka bibi akapita, akatoka damu zinamchirizika, mama akawa anamtoa miiba jioni, wanacheka wote wawili, na Mageni mdogo akauliza kwani bibi mbaya, mama akasema hapana, baba yako anamheshimu bibi kwa sababu ananitaka mimi, bado ananitaka… ananitaka mimi, alisema hivyo, kwa raha, mwiba kaushika kwenye kucha. Lakini ile ilikuwa Kharumwa! Hapa ni kantini ya chuo, na mama huyu ni wa wapi, hakuwahi kuuliza, anajua baba yao alitoka Bukoba, anajua nyumbani kwao wanaongea Kiswahili kitupu, Lusia hajui hata ile salamu ya kwao Mageni, mwadila, sasa kama mama naye ni mtu wa mbali basi alichokiona ni lijitu lenye tope lililomwona mgeni likakimbia, lisilo na adabu, na leo jioni njiani atamwambia mwanawe, yule ndiye unampotezea muda?

«Mageni, jamani!» Sasa sauti imeshuka, na ikishuka ya Lusia inauma kuliko ya mwingine ikipanda. «Samahani, mama, hayuko hivyo… au yuko hivyo, sijui, lakini si mtu mbaya.» Toka, anajiambia, toka sasa hivi, sema shikamoo mama, utakuwa mtu wa adabu, Lusia atafurahi, atakuaga vizuri, na ukishampa mama mkono ule umekwisha kusema mtoto wako si kitu kwangu, umesema kwa mkono, mbele ya mashahidi, na mkono hausemi uongo ukasamehewa… usitoke, basi, baki, na yule binti ataondoka amejua jambo moja tu, kwamba alimwita mara mbili mbele ya mama yake na hukuja. Akitoka anamkana, asipotoka anamwaibisha. Hakuna wastani hapa, ni kupata na kukosa. Jasho linamwingia machoni, plastiki inamchoma bega, harakati zote anazozijua mwilini mwake ni za kwenda mbele, beki haogopi mpira, na amesimama.

«Kwao wapi?» mama anauliza. «Kharumwa.» Kijiko cha Januari kinagonga kwenye bakuli la mchuzi. «Kharumwa mjini au machimboni?» «Machimboni, mama, baba yake mchimbaji, kwani vipi?» Maji yanamwagika tu… «Alivyokimbia, alinitazama?» «Mimi niliona mgongo tu.» «Mimi niliona kisogo. Aliinamisha kichwa.» Na hapo Mageni, kwenye ule upenyo mwembamba kati ya tangi na ukuta, anaona miguu ya kiti cha plastiki ikiinuka, ikizunguka, ikishuka, inakwaruza sakafu, visigino vya viatu vya mama sasa ndivyo vinavyomtazama, mgongo, kwa heshima zote kampa mgongo, na mkono umeingia kwenye mkoba ukatoka na khanga, ukaifungua, ukaitandaza juu ya kilemba mpaka usoni, vile vile kama bibi, vile vile kabisa, maana kwao anayeacha njia si mkwe peke yake, mama naye anageuka, naye anajifunika, asipokukubali hageuki, anakaa anakutazama tu kama anavyotazama ng'ombe wa watu.

«Mama, mbona unageuka huko, jua si litakupiga?» «Liache linipige.» «Ngoja nikamtoe huko, amenikera, sijawahi kumwona hivi…» «Mwache alipo. Kanisalimu.» «Hajafungua mdomo, mama!» «Nakwambia kanisalimu, na mimi nimeitika. Nenda kafunge lile bomba, maji yanaisha.» Na anasikia kandambili za Lusia, anazijua, za hatua fupi, na furaha imemjaa Mageni mpaka anaogopa itatoa sauti, amekubaliwa, amekubaliwa bila kusema neno hata moja, loo, kumbe inawezekana mtu kupita duniani bila kusema… bomba linafungwa. Maji yananyamaza. Na kwenye ule ukimya anamsikia Lusia akivuta pumzi upande wa pili wa tangi, karibu kabisa, anakiokota kiatu kile kingine, anakipukuta maji, na pumzi inakatikakatika, kumbe analia, analia polepole kama anavyofanya mambo yake yote, na Mageni anaona wazi, kwa ubaridi, kama mtu anayetazama mechi ya watu wengine, alichokifanya: kajibiwa na mama kabla hajamuuliza mtoto. Mama kamsikia, ndiyo, mama anaijua lugha hiyo, lakini huyu hakufundishwa migongo wala michongoma, michembe aliigawa, huyu ndiye aliye chini ya shimo na juu hakuna aliyeshika kamba, yeye anafahamu kitu kimoja tu, maneno, Kiswahili cha watu wote, na kile ndicho Mageni anachomnyima kila siku kama chumvi. Baba yake aliingia miibani, ndiyo, lakini siku nyingine, kabla ya miiba, lazima alimwambia mama. Lazima. Hakuna mwanamke anayejua anatakwa kwa kuhesabu mikwaruzo… na kule Januari anaagiza maji ya kunawa, tangi linachoma vile vile, bado amebanwa, kiatu bado kiko mkononi, hawezi kutoka, mama yupo, hatatoka, adabu ni adabu, lakini mkono unapita, mkono mmoja unapita kwenye upenyo, anaunyoosha, unagusa kitambaa, upindo wa blauzi, anaushika, anauvuta mara mbili, na kwa mara ya kwanza anafungua meno.

«Lusia,» anasema. «Usiende kwanza. Nina neno.»