Kama Ilivyoelezwa Hapo Juu

Picha ya thelathini na saba asubuhi ile ilikuwa ya goti. Daktari wa picha aliivuta karibu kwenye skrini, akaandika mistari kumi na minne kuhusu goti hilo: mifupa, nafasi ya kiungo, uvimbe wa nyama za pembeni. Alipofika kwenye kisanduku kidogo cha mwisho, kile cha HITIMISHO, akaandika maneno yaleyale aliyoyaandika kwenye picha thelathini na sita zilizotangulia: Kama ilivyoelezwa hapo juu.

Alikuwa peke yake. Hospitali nzima pamoja na zahanati kumi na moja zilimtegemea yeye na macho yake mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa limeanza kuwasha tangu Jumatatu. Wenzake walimtania kwamba ukimpa picha ya kidole atakuandikia kitabu. Alicheka nao, lakini moyoni alijisikia vizuri. Alizipenda ripoti zake. Kurudia kwenye hitimisho kitu alichokwisha kukieleza vizuri aliona ni kumdharau daktari mwenzake, kana kwamba hajui kusoma. Na tuseme ukweli, ilimwokolea dakika mbili kwa kila picha.

"Hodi," mtu aliita mlangoni.

"Karibu, ila nina kazi."

Aliingia mwanamume wa makamo, viatu vyake vimejaa vumbi, simu mkononi. "Samahani, dokta. Mimi ni tabibu wa zahanati ya kule machimboni. Nimemleta mgonjwa wangu mwenyewe leo, kapigwa picha nyingine sasa hivi. Majibu yenu ya mwezi wa kwanza yalinishinda."

Daktari aligeuka na kiti chake. Neno hilo lilimchoma. "Yalikushinda vipi? Mimi naandika kila kitu."

Tabibu hakubishana. Alimpa simu.

Ujumbe ulikuwa na namba ya mgonjwa, tarehe, na mstari mmoja: HITIMISHO: Kama ilivyoelezwa hapo juu. Basi. Daktari aliusukuma kwa kidole kutafuta maelezo. Juu yake palikuwa na ujumbe wa mke wa tabibu ukisema akirudi apitie sabuni. Juu ya huo, tangazo la kampuni ya simu.

"Nyingine iko wapi?"

"Nyingine ipi, dokta?"

"Ripoti. Ripoti yenyewe!"

"Si ndiyo hiyo. Tangu mlete mfumo mpya tunaletewa mstari huo tu kwenye simu. Karatasi hakuna tena. Ndiyo maana nimekuja nikuulize uso kwa uso: hapo juu ni wapi?"

Daktari aligeukia skrini. Aliingiza ile namba kwenye kompyuta, na ripoti yake ikafunguka, ndefu, safi, mistari kumi na saba. Mstari wa tisa ulisema kuna kivimbe cha sentimita moja na nusu sehemu ya juu ya pafu la kulia, chenye kingo zisizo nyoofu. Mstari wa kumi na tano ulishauri mgonjwa apelekwe kipimo cha CT ndani ya wiki mbili, kwa kuwa inawezekana ni saratani. Alikuwa amekiona. Alikuwa ameandika, tena vizuri. Kikakaa humo humo miezi mitano.

"Ulimtibu nini?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

"Nilianza na dawa ya kikohozi, halafu antibiotiki. Halafu nikamwanzishia za kifua kikuu. Ningefanyaje? Nilikuwa napapasa gizani."

"Kwa nini hukupiga simu?"

"Nilipiga! Wa mapokezi akaniambia maswali ya kitabibu yaandikwe barua. Nikaandika mbili."

Daktari alifungua picha ya leo. Hakuhitaji kuivuta karibu. Kile kivimbe kilikuwa kimefika ukubwa wa limau, na tezi za katikati ya kifua zimevimba. Aliweka kiganja mdomoni akakaa hivyo, na tabibu, aliyekuwa akimtazama uso badala ya skrini, akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

Katibu wa hospitali alikuwa anakunywa chai daktari alipoingia ofisini kwake bila hodi.

"Ujumbe mfupi una herufi mia na sitini tu," Katibu alieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Kinatumwa kisanduku cha hitimisho, ili kubana matumizi. Hizo ripoti zako, Daktari, ulitaka tuzitume kwa lori?"

"Nani aliniambia?"

"Tangazo lilibandikwa. Na semina ilikuwepo."

"Siku ya semina mlinikatalia kwenda! Mlisema nani atasoma picha."

"Ungewauliza waliokwenda."

Aliuliza habari za barua za tabibu. Katibu alipiga simu masjala, na baada ya muda barua zote mbili zikaletwa, zimefunguliwa, zimegongwa muhuri wa IMEPOKELEWA. "Hazijapewa jalada," alisema Katibu akizigeuza. "Unaona hapa? Zinauliza. Hatuna jalada la maswali."

Daktari alidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Niangalizie," alisema, "ni jumbe ngapi zimetoka na maneno hayo. Zahanati zote."

Katibu aliandika, akabonyeza, akangoja. "Mia tatu na kumi na mbili."

  Nyingi zilikuwa za magoti, daktari alijua, magoti na vidole na viuno vya wazee. Lakini si zote.

"Usijipe presha," alisema Katibu, na sasa sauti yake ilikuwa ya kirafiki kweli. "Mfumo unaruhusu kuhariri. Ingia ujaze mahitimisho yote. Tarehe haibadiliki. Mkaguzi akija ataona uliandika siku ileile."

"Na zahanati zitatumiwa upya?"

"Hapana, ujumbe hutoka mara moja. Ila rekodi itakuwa safi."

"Na wagonjwa?"

"Majibu hutolewa na aliyeagiza picha. Ndio utaratibu. Ukimpigia mgonjwa moja kwa moja, barua ya onyo nitakuandikia mwenyewe. Hiyo itapata jalada."

Daktari alitoka. Alikuwa ameingia ofisini mle akiwa ameshtushwa na kosa, akatoka ameshtushwa zaidi na jinsi lilivyo rahisi kufutika. Na tusimfanye malaika: alipokuwa anashuka ngazi alipiga hesabu. Dakika mbili kwa kila moja, mia tatu na kumi na mbili, jioni nne tu za kazi. Jina lake lingebaki kama lilivyokuwa. Alisimama kwenye ngazi ya mwisho akajichukia kwa kuipata hesabu hiyo haraka namna ile.

Mgonjwa alikuwa kwenye benchi la korido, rundo la madaftari mapajani, anasahihisha kwa kalamu nyekundu. Alifundisha darasa la pili. Tabibu alimwita Mwalimu, na karani wa mapokezi naye alimwita Mwalimu, kwa kuwa alimfundisha kusoma.

"Mwalimu," alisema daktari akikaa kando yake, "mimi ndiye ninayesoma picha."

"Una deni la shikamoo zangu, maana hujawahi kuonekana," alijibu Mwalimu, akakohoa, akacheka kidogo. Kisha akamwona uso. "Sema tu, mwanangu."

Alimwambia. Alitumia maneno mafupi: kwenye pafu kuna uvimbe, nadhani ni saratani, kesho utafanyiwa CT, mimi mwenyewe nitakuwepo. Halafu akamwambia lile lingine.

Mwalimu alifunika kalamu kwa kifuniko chake. "Kwa hiyo tangu mwezi wa kwanza mlijua."

"Nilijua mimi. Niliandika. Lakini niliandika mahali ambapo hakuna aliyeweza kusoma."

"Mtoto akiniandikia jibu nisipoliona, mimi namkosesha."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hata kama analijua."

"Ndiyo."

Mwalimu alilia bila sauti, akijifuta kwa ukingo wa mtandio, huku mkono mwingine umeyashika madaftari yasidondoke. Tabibu aliyekuwa amesimama kando alitazama ukutani. 

Aliporudi chumbani picha arobaini na saba zilikuwa zinamsubiri. Alianza na ya Mwalimu. Kwanza aliandika kama alivyozoea, "inaonekana kuwepo kwa" na "haiwezi kuondolewa uwezekano wa", akasoma, akafuta yote. Akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha mwisho. Akahesabu herufi kwa ncha ya kalamu:

Uvimbe sm 4 pafu la kulia juu. Nadhani ni saratani. Ulikuwa sm 1.5 miezi 5 iliyopita, sikuwaarifu, kosa langu. CT kesho saa 2 asubuhi. Nipigie wakati wowote.

Zilitosha. Simu ya tabibu ililia huko koridoni.

Kisha akafungua orodha ya zile mia tatu na kumi na mbili. Hakugusa kitufe cha kuhariri. Alitafuta zile ambazo ndani yake aliandika neno "haraka", akapata ishirini na tatu. Alizipigia zahanati kwanza. Mbili hazikupokea, na ya tatu muuguzi wake akamsomea namba ya simu ya mgonjwa kutoka kwenye daftari, akamwambia afadhali ampigie mwenyewe, tabibu wao alihamishwa na mwingine hajaletwa.

Daktari alipiga. Iliita mara nyingi.

"Halo, nani mwenzangu?" Sauti ya kiume.

"Ni daktari wa picha, kutoka hospitali kuu. Namtafuta mwenye simu. Alipigwa picha ya tumbo mwezi wa pili."

"Mwenye simu ni kaka yangu. Mimi mdogo wake, simu nimebaki nayo."

"Yupo karibu?"

"Tulimzika. Hii wiki ya tatu."

Daktari alifumba macho. Ripoti ilikuwa wazi mbele yake, mistari kumi na tisa, hakuna neno hata moja lililokosewa.

"Halo? Dokta? Ulitaka kumwambia nini?"

Angeweza kusema pole na kukata. Utaratibu ungemruhusu hilo. "Pole sana," alisema. "Nilitaka kumwambia ana ugonjwa gani. Niliuona mwezi wa pili. Nikaandika, lakini hamkufikishiwa. Huenda angepasuliwa akapona. Siwezi kukuapia, lakini huenda."

 Upande wa pili, kwa mbali, mtu alikuwa anakwangua sufuria.

"Usikate, dokta," sauti ilisema. "Natafuta kalamu. Mama ananiuliza kila siku mwanawe aliondolewa na ugonjwa gani, nami sina jibu. Nikimwambia kwa mdomo tu ataona nimetunga." Droo ilifunguliwa, ikafungwa. "Haya. Sema polepole, niandike."