Kozi Aliyoiacha Kaka

Kaka aliondoka Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa amekwisha kunoa penseli nne. Kozi yake ilikuwa ianze kesho yake. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mshauri wa kompyuta anayejulikana mji mzima, na bado kila alipokwenda kozi alifungasha mkoba kama mtoto wa darasa la kwanza: daftari, rula, penseli, kitambaa cha kufutia miwani. Mkewe alipotoka jikoni na chai alimkuta ameegemea meza, miwani puani, kama mtu anayefikiria hesabu ngumu. Moyo ulikuwa umesimama.

Mtaani walimwita Mwanafunzi, na jina lilimkaa. Kila mwaka alisoma kozi mbili, mwaka mwingine tatu, na kila aliporudi alikuwa anang'aa utadhani katoka harusini. "Kompyuta ni kama mtoto mchanga," alikuwa akisema. "Ukimwacha miezi sita, ukirudi hakujui."

Dada yake, waliyefungua naye ofisi, alikuwa mtu wa namna nyingine. Huyo aliitwa Kamusi, kwa sababu hajapata kuulizwa jambo akasema hajui. Alisoma kompyuta mara moja, akapata cheti, akakitia fremu na kukitundika ukutani. Kwake yeye, kurudi darasani ilikuwa kujitangazia ujinga.

"Kaka, unasoma kila siku, huhitimu?" alikuwa akimtania.

"Nikihitimu mtanizika," kaka alijibu, na wote wakacheka mpaka wateja wakachungulia mlangoni.

Wiki tatu baada ya mazishi, simu ya ofisini ililia. Aliyeipokea ni mjane wa kaka, ambaye miaka yote alikuwa karani wa ofisi hiyo. Alisikiliza, akashukuru, akaweka simu chini.

"Wifi," akamwambia Kamusi, "kozi ile inarudiwa Jumatatu. Nafasi ya marehemu ipo, wanasema anaweza kwenda mwingine. Unakwenda shule."

"Mimi? Na cheti changu kile pale?"

"Kile cheti kimeshafika umri wa kuoa."

"Wifi, usinianze."

"Sijakuanza, nimekumaliza. Kiti cha mume wangu hakitakaa kitupu na wewe makalio unayo."

Wakacheka wote wawili, mara ya kwanza tangu msiba. Kamusi akaona haya kukataa baada ya kicheko kile.

Darasa lilikuwa na meza kumi na mbili, ubao mweupe, na feni iliyogonga kitu kila ikizunguka. Mkufunzi alikuwa binti aliyeweza kuwa mwanawe wa kumzaa, amevaa raba. Siku ya kwanza Kamusi alikaa kama mgeni wa heshima. Akajibu maswali mawili, akakosa matatu, akajisemea kwamba hayo matatu ni mambo ya vijana.

Siku ya pili walisoma nakala za akiba, zile zinazotunzwa kando ili kompyuta ikifa, kumbukumbu zisife nayo.

"Nani amewahi kuifungua nakala ya mteja wake akaisoma?" mkufunzi aliuliza. "Sisemi kuangalia kama ipo. Kuifungua."

Mikono minne ikainuka. Wa Kamusi haukuwamo.

"Wengi wetu tunatazama alama ya kijani tunakwenda zetu. Alama ya kijani inasema kazi uliyoagiza imefanyika. Haijui kama uliagiza sawasawa."

Kamusi akaacha kuandika. Kila Ijumaa alipita kwenye kliniki ya wazazi, mteja wao mkubwa, akatazama alama ya kijani, akatia sahihi kwenye karatasi. Lakini miaka miwili nyuma kliniki ilibadilisha programu, na kumbukumbu zote za akina mama na watoto zikahamia kwenye folda mpya. Yeye mwenyewe ndiye aliyezihamisha. Je, aliiambia programu ya kunakili ifuate folda hiyo mpya? Alitafuta kichwani jibu la ndiyo, asilione. Na wiki iliyopita metroni, mkuu wa wauguzi wa kliniki, alimpigia simu kwamba kompyuta inasaga kama kinu. Alimjibu, "Nitapita wiki ijayo."

Akainua mkono.

"Mwalimu, kama folda imehamishwa na nakala haikuambiwa?"

"Utakuwa unanakili chumba kitupu, mama."

Darasa likacheka. Kamusi hakucheka. "Ninaye mteja wa hivyo. Na mashine yake inakaribia kufa. Sijui nianzie wapi."

Neno hilo, sijui, lilimtoka laini kuliko alivyotarajia.

Mkufunzi akaacha kalamu. "Usiizime. Usirekebishe chochote. Nakili kwanza kwenye diski mpya, kisha ifungue nakala kwenye mashine nyingine. Kimbia, mama. Kiti chako hakitakimbia."

Njiani alitunga uongo mzuri: ukaguzi wa kawaida tu, Metroni, dakika chache. Hakuna ambaye angejua. Mbele ya meza ya metroni, mwanamke mpana mwenye saa iliyobanwa kifuani, akauacha uongo ule.

"Metroni, nakala zenu za miaka miwili hazipo. Kosa ni langu."

Metroni alivua miwani. "Hapa wamezaliwa watoto elfu mbili na ushei kwa miaka hiyo. Fundi, unaniambia wote wamo kwenye hilo sanduku linalosaga tu?"

"Ndiyo."

"Basi hasira nitaiweka akiba. Fanya kazi."

Kamusi akachomeka diski mpya. Kumbukumbu zikaanza kuhama, mashine ikikohoa kama mzee anayepanda ngazi. Saa nzima ikapita. Wauguzi wakaanza kuja mmoja mmoja, wakasimama nyuma ya kiti. Ilipofika asilimia tisini na mbili, mstari kwenye skrini ukasimama. Mashine ikasaga, ikanyamaza, ikasaga tena.

Metroni akainama karibu na skrini. "Sukuma, mama," akainong'oneza kompyuta. "Sukuma, kichwa tunakiona."

"Usibane pumzi!" muuguzi mmoja akadakia.

"Sukuma!" wakaitikia wote, na akina mama waliokuwa kwenye benchi la kungojea wakageuka kutazama ni nani anayejifungulia ofisini.

Tisini na tatu. Tisini na saba. Mia.

Alama ya kijani ikatokea. Wauguzi wakapiga makofi, lakini Kamusi aliinua mkono kuwanyamazisha. Akachomoa diski, akaipeleka kwenye kompyuta ya mapokezi, akaifungua.

"Metroni, chagua siku yoyote."

Metroni hakufikiri sana. "Wale watatu wa mkupuo mmoja, mwaka jana, siku ya mvua kubwa."

Kamusi akatafuta. Wakatokea: wasichana wawili na mvulana, uzito wao, kundi la damu la mama yao, na maneno aliyoandika metroni mwenyewe: "Wa tatu amechelewa, amekuja analia kwa hasira."

"Huyo, huyo!" metroni akacheka mpaka saa ikamrukaruka kifuani. "Amezaliwa mara mbili!"

Walipotulia, Kamusi aliuliza kama atafute mtu wa kuichukua kazi ile.

"Nikuachishe ili nipate mwingine ambaye hajaunguzwa na kosa kama hili? Hapana. Ila sahihi yako peke yako siitaki tena. Kila Ijumaa mimi nachagua siku, wewe unaifungua, nami naona kwa macho yangu."

Siku ya tatu Kamusi alirudi darasani. Akasimama, akawasimulia wenzake kosa lake kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kupunguza. Kabla hajaketi, watu wawili walikuwa wameshatoka nje mbio, simu masikioni, kuwauliza wateja wao kuhusu folda.

Jioni alimsimulia wifi yake. Walicheka, kisha wakalia kidogo, kisha wifi akamtaka aigize tena metroni.

"Laiti ningeweza kumwambia kaka haya yote," Kamusi alisema.

"Angekusikiliza mpaka mwisho, halafu angekuuliza mkufunzi alisema nini baada ya wewe kutoka."

Na kweli, hilo hakulijua. Asubuhi alimpigia mkufunzi akamuuliza.

Mwezi wa tisa Kamusi anaanza kozi nyingine, ya ulinzi wa mitandao, wiki nzima. Wifi yake naye amejiandikisha. Yuko darasa la wanaoanza, chumba cha pili.